Mwezi wa Macho

Mwanamke aliyekuja kuomba mwezi alifika kituoni viatu vikiwa mkononi. Njia ya kupanda kilimani ina changarawe kali, na yeye alikuwa ameamua, kama alivyoeleza baadaye, kwamba nyayo zitapona zenyewe ila viatu vya Idd ni hivyohivyo mpaka mwakani.

Zamda Kidunda hakumsikia akibisha. Alikuwa amepiga magoti uwanjani, akipapasa ngozi ya puto la saba kutafuta matundu. Puto lilikuwa jeusi, jembamba kama mfuko wa sokoni, na lilipotandazwa chini lilienea uwanja mzima hadi kwenye uzio.

"Mama, usikanyage hapo!"

Mwanamke alirudisha mguu nyuma. "Hodi, basi. Hodi ya mbali."

"Karibu. Shikamoo. Samahani, ukilitoboa halipandi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye unayepaka mbingu?"

Zamda alicheka, akasimama na kujikung'uta magoti. Alikuwa na miezi minane tu tangu amalize chuo, na hakuna aliyewahi kumwita hivyo. "Mimi ni mmoja wao."

"Basi nimefika. Naitwa Mwajabu, natoka Isuvila, hapo chini. Nimekuja kuomba mwezi."

Zamda alitazama saa. Ilikuwa inakaribia saa tisa, na maputo hayasubiri. "Nishikie kamba hii kwanza, mama. Nikimaliza utaniambia."

Wakashika pamoja. Zamda alifungua mdomo wa puto kuelekea upepo, hewa ikaingia, ngozi nyeusi ikaanza kunywa jua. Kituo hakikuwa na gesi wala moto. Weusi ulishika joto, joto likapasha hewa ya ndani, na lile tambara kubwa likainuka lenyewe polepole, kama mtu anayeamka. Chini yake lilining'inia pipa la unga wa chokaa, laini kuliko poda ya mtoto. Zamda aliposema "achia," Mwajabu aliachia huku akipiga kelele ya furaha, kisha akaziba mdomo kwa mkono, akakumbuka kwamba amefunga.

"Linakwenda wapi?"

"Juu ya mawingu yote. Litaumwaga unga huko, unga utatanda, na kesho mchana jua litakuwa pole. Kesho jioni unga utakuwa umeyeyuka wote. Waliouunda walitaka iwe hivyo, tukikosea tukosee siku moja tu. Ndiyo maana kila siku tunapandisha mapya, saba kila kituo."

Hilo ndilo Pazia. Zamda alikuwa mtoto kabla halijaja, na alikumbuka mahindi ya Irangi yakisimama shambani makavu kama kuni. Alikumbuka pia msimu wa kwanza chini ya kivuli chake, mama yake akitembea katikati ya mistari ya mahindi mabichi, akiyagusa moja moja. Siku ile ndiyo iliyomleta Zamda kilimani. Aliamini kazi yake haimdhuru mtu yeyote.

"Sasa niambie habari ya mwezi," alisema.

* * *

Waliingia ofisini kukwepa jua. Mwajabu alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mume wangu anafuata mwezi wa redio. Redio ikisema umeandama, kwake umeandama, hata kama yuko kitandani kajifunika shuka. Kaka yangu Sufiani anafuata mwezi wa macho. Asipouona anakamilisha mifungo thelathini. Zamani haikuwa shida, redio na macho vilipatana. Tangu mlete Pazia lenu, jioni haiishi. Mnatuwekea zambarau, mnatuwekea nyekundu, shafaki, ule wekundu wa baada ya jua kuzama, inakaa pale kama mgeni asiyejua kuaga. Na mwezi wa siku ya kwanza ni kama unywele. Utauonaje kwenye moto ule?"

"Kwa hiyo mna Idd mbili."

"Familia moja, sufuria moja, mpishi mmoja, Idd mbili! Mwaka jana nimepakua pilau la mume wangu, kaka yangu kakaa barazani, kafunga, ananusa. Mume wangu naye hana breki ya mdomo. Akamwambia, 'Shemeji, nikuwekee mnofu?' Sufiani akainuka. Mpaka leo hajakanyaga kwangu." Alikunja ncha ya mtandio. "Mama yetu anaishi kwake. Sufiani amesema Idd hii ikigawanyika tena, anahamia Babati, na mama anakwenda naye. Mimi nitabaki na sufuria."

Chuoni walikuwa wamesoma madhara ya Pazia kwa mvua, kwa nyuki, kwa majani ya chai. Hakuna aliyewahi kuutaja mwezi.

"Sikuombi mliondoe," Mwajabu alisema. "Mahindi yangu nayo yako chini yake. Naomba jioni moja tu, ya mfungo wa ishirini na tisa."

Zamda alichukua glasi, akaijaza maji, akadondoshea matone ya maziwa yaliyokuwa yakisubiri futari. Akawasha tochi nyuma ya glasi. Kutoka ubavuni maji yalionekana ya buluu hafifu. Alipomsogeza Mwajabu atazame tochi moja kwa moja kupitia majini, mwanga ulikuwa wa chungwa.

"Mwanga wa jua una rangi zote. Jua likiwa chini, mwanga unapita hewani njia ndefu, buluu inatawanyika njiani, inayofika ni nyekundu. Zamani nyekundu ile ilipita juu ya vichwa vyetu ikaenda zake. Sasa inakuta unga wetu huko juu, unga unaishika na kuturudishia. Kwetu jua limeshazama, lakini kule juu bado linaonekana, kwa hiyo unga unaendelea kuwaka. Nyekundu yake ikikutana na buluu ya anga, unapata zambarau."

"Basi usipandishe puto moja. La upande wa machweo."

"Ndivyo nilivyokuwa nafikiria." Zamda alichukua chaki, akachora sakafuni mstari wa ardhi, na juu yake mstari wa unga. Akaweka kiatu kimoja cha Mwajabu mahali pa Isuvila, akavuta mstari wa tatu kutoka kwenye kiatu kuelekea mwezi mchanga, chini kabisa magharibi. Mstari huo ulikwenda mbali sana kabla ya kuukuta unga. Zamda mwenyewe alishangaa. "Mama, zambarau yenu haiko juu ya Isuvila. Iko ng'ambo ya Singida."

"Machweo yetu yako juu ya watu wengine?"

"Na unga wangu mimi ni machweo ya watu wa Kiteto."

Mwajabu aliutazama mchoro kwa muda. "Kumbe kila mtu anapakwa na jirani yake," alisema.

Kituo cha ng'ambo ya Singida kilikuwa cha Ntandu, Mnyaturu mwenye sauti nene ambaye Zamda alizungumza naye kila siku kwa simu ya upepo. Hawajawahi kuonana. Siku ya kwanza kazini Ntandu alimuuliza kabila, Zamda akamjibu Mrangi, yaani mtani wa Mnyaturu, na tangu hapo hajawahi kusalimiwa kistaarabu.

"Mrangi wewe, bado hujafa na njaa? Nikuletee kuku?"

"Kuku wa kwenu wote miguu, mtani, watatembea wenyewe. Sikiliza, nina ombi. Jioni ya ishirini na tisa usipandishe puto lako la saba. Kuna watu huku wanataka kuona mwezi."

Ntandu alicheka mpaka simu ikakoroma. "Mwezi! Leo mmeishiwa asali mmeanza kuomba mwezi! Chukua, mtani. Chukua mwezi, chukua na puto la saba, na nyota mbili za kusukumia ugali. Mimi nitabaki na vitunguu vyangu."

"Kweli?"

"Nimekunyima nini mimi? Wewe ni mtani wangu. Chukua!"

Mwajabu alikuwa amesimama. "Amekubali?"

"Amekubali," Zamda alisema, naye akajikuta anacheka kwa furaha.

"Unaniahidi, mwanangu? Maana nikishuka hapa nitawaambia watu."

"Nakuahidi, mama."

* * *

Asubuhi ya ishirini na tisa Zamda alipiga simu kuthibitisha saa. Ntandu hakucheka.

"Subiri. Ulikuwa hunitanii?"

"Kukutania vipi? Nilikuomba, ukasema chukua."

"Zamda, Mrangi ananipigia simu anataka mwezi, nifikirie nini? Nilidhani ni utani! Nami nikautilia chumvi." Alishusha pumzi. "Siwezi. Chini ya puto langu la saba kuna alizeti ya watu, na inachanua wiki hii. Ni mbegu ya kivuli, haijawahi kuona jua tupu. Nisipopandisha leo, kesho inapigwa mchana kutwa, chavua yote inakufa. Niwaambie nini watu hawa? Kwamba niliitoa mbingu yao kwa mtani?"

Zamda alikaa chini. Angeweza kushuka Isuvila akaeleza kwamba wamepishana maneno. Ungekuwa ukweli mtupu, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini jana Mwajabu alimtumia ujumbe wa sauti, unapaa kama kigelegele: Sufiani amekubali kuja kwenye jabali la kuangalizia mwezi, na mume wake pia. Wamekubali kusimama mahali pamoja, kwa mara ya kwanza tangu pilau lile. Na kule Singida kulikuwa na watu asiowajua, wenye alizeti, ambao hawakuahidi mtu chochote.

Alitazama kipimo cha upepo ukutani.

"Mtani, upepo wa juu leo unakujaje kwako?"

"Unatoka kwenu. Mwepesi, umenyooka, kama mgeni wa futari. Kwa nini?"

"Ukiacha puto lako chini, nitapandisha langu la saba, ila nisimwage unga hapa. Nitaumwaga juu zaidi ili upepo uuchukue. Mwezi utakuwa umeshazama utakapofika kwako. Kesho jua litakapochomoza, watu wako watakuwa na kivuli." Alipiga hesabu tena akiongea. "Kanuni inaruhusu vituo jirani kuazimana puto. Tunatia saini wote wawili."

"Na chini ya la saba lako kuna nini?"

"Msitu wa kituo. Miti itavumilia." Akasita. "Na shamba moja la mahindi."

"La nani?"

"La mama yangu."

"Hapo sikutanii, dada," Ntandu alisema. "Nenda kamuulize mwenye shamba."

* * *

"Shikamoo mama," Zamda alisema kwenye simu. "Mahindi yametoa nywele?"

"Marahaba. Yametoa, tena mengi. Hata naona haya kuyatazama sana, nisije nikayatia jicho. Mbona sauti hiyo? Umefuturu nini jana?"

Zamda alimweleza yote: Mwajabu, glasi ya maziwa, utani wa Ntandu, alizeti. Mama alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Umeahidi?"

"Niliahidi kabla sijajua kwamba..."

"Sijakuuliza ulijua nini. Umeahidi?"

"Nimeahidi."

"Kesho yakipigwa jua, yatapona mangapi?"

"Yaliyoshika mbegu mapema yatapona. Mengine sijui."

"Hiyo 'sijui' yako ndiyo nitakayoipepeta mimi," mama alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Ningekuwa mimi nisingemwahidi mtu mwezi. Lakini we ungekuwa mtu wa kusema 'nilikosea, basi yaishe', ningeshangaa nimezaa nani. Usiwaunguzie watu alizeti yao. Kama ni lazima paungue, paungue kwetu." Kisha, kabla Zamda hajashukuru: "Na usilie, una swaumu."

Saa tisa anga ya magharibi ilikuwa imeanza kukusanya mawingu. Zamda alisimama uwanjani na kamba mkononi, puto la saba likivuta juu yake. Mawingu yale yakifunga upeo wa macho, hakuna atakayeona mwezi wala unywele wake, na mahindi yataungua bure. Bado angeweza kuzungusha kizibo cha pipa, unga umwagike hapahapa kama siku zote. Chini ya kilima aliliona shamba, kijani kibichi, na kanga ya mama yake ikisogea katikati.

Kule ng'ambo Ntandu alikuwa ameshatia saini. Puto lake lilikuwa chini.

Zamda aliachia.

* * *

Jabali la Isuvila lilijaa watu kabla ya magharibi. Walifuturu tende na maji wakiwa wamesimama, wakaswali hapohapo juu ya mikeka, kisha wote wakageuka kutazama machweo. Mume wa Mwajabu, bwana mnene aliyeshika redio ndogo kama aliyeshika silaha, alisimama upande mmoja. Sufiani alisimama upande wa pili akiwa na bakora na miwani minene. Katikati yao palikuwa na nafasi ya watu sita, na Mwajabu amesimama humo, peke yake. Mama yao alikuwa amekalishwa kwenye kiti cha plastiki mbele ya wote.

Mawingu yalikuwa yamejilaza chini, membamba, yameacha mwanya.

Zambarau ilianza kupanda kulia na kushoto kama kawaida. Lakini katikati, pale jua lilipozamia, haikupanda. Palibaki chungwa tupu, juu yake njano kama papai bivu, juu ya njano weupe uliokuwa karibu kuwa kijani, halafu buluu inayokolea taratibu mpaka kwenye nyota ya kwanza. Rangi zilikuwa zinafifia. Zilikuwa zinaondoka zenyewe, bila kuambiwa.

"Mama, ile rangi gani?" binti mdogo aliuliza.

"Hiyo si rangi," bibi wa kwenye kiti alijibu. "Hiyo ndiyo jioni."

Watu walitafuta. Zamda naye alitafuta mpaka macho yakamwaga machozi. Ndipo akasikia mtu akimeza mate kwa sauti. Alikuwa bwana mwenye redio.

"Uleee," alisema, kama mtoto. Alikuwa hajaiwasha redio.

"Wapi?" Sufiani aliuliza. Alisema kwa ukali, lakini shingo yake ilikuwa imenyooka. "Wapi? Sioni kitu."

"Pale. Juu ya kile kiwingu chenye pembe."

"Viwingu vyote vina pembe! Mimi sishuhudii mwezi wa kuambiwa."

Bwana yule alisita. Kisha alivuka ile nafasi, akampita mke wake, akasimama nyuma ya shemeji yake na kunyoosha mkono juu ya bega lake. "Weka shavu hapa, shemeji. Kwenye mkono wangu. Fuata kidole."

Sufiani alisimama kama mti. Halafu akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaivaa tena, akaweka shavu lake juu ya mkono wa mume wa dada yake. Walibaki hivyo muda mrefu, vichwa vimegusana, wanahema pamoja.

"Shusha kidogo," Sufiani alisema. "Kulia. Hapo... Allahu akbar. Mwembamba hivyo?"

"Mwembamba hivyo."

"Nimeuona. Mama, nimeuona kwa macho yangu!"

Kelele iliyofuata ilimeza kila kitu. Mwajabu alikuwa ameshika viatu vyake vya Idd kifuani, analia, anamtafuta Zamda kwa macho katikati ya watu. Zamda alimpungia mkono. Hakusogea, kwa sababu aliogopa kuulizwa habari ya kesho.

* * *

Asubuhi ya Idd jua lilikuwa tupu. Zamda alitoka msikitini moja kwa moja hadi shambani, na tangu njiani alikiona kivuli cha mwili wake kimelala ardhini, cheusi, chenye kingo kali, kitu ambacho hakijaonekana Irangi tangu utoto wake. Mama alikuwa amesimama kwenye mstari wa kwanza, amevaa gauni jipya na kanga kuukuu. Kufikia saa nne majani yalikuwa yamejikunja kama sigara. Nywele za mahindi, zilizokuwa za hariri jana, zilianza kugeuka kahawia ncha zake. Mama alizishika, akazisugua kati ya vidole, zikasagika.

"Mstari huu umekwenda," alisema. Akahamia wa pili.

Zamda alimfuata, mistari mitatu, minne. Hakukuwa na la kufanya, lakini kuondoka kungekuwa vibaya zaidi. Simu ya upepo kiunoni ilikoroma.

"Mtani." Ilikuwa sauti ya Ntandu, lakini haikuwa na kicheko. "Nimesimama shambani kwa watu. Kimefika. Kivuli chako kimefika tangu alfajiri, kimetulia kabisa."

"Na alizeti?"

"Imechanua. Shamba zima, mpaka macho yanaishia." Alikohoa. "Asubuhi hutazama mashariki, unajua. Hapa nilipo yote imegeukia kwenu."

Zamda aliibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Anasema nini huyo?" mama aliuliza bila kugeuka.

"Anasema kimefika, mama."

Mama aliachia shina alilokuwa ameshika, akajifuta uso kwa kanga, akaitazama magharibi kwa muda, huku jua likimpiga mgongoni.

"Mpe Idd njema," alisema. "Halafu njoo ushike upande ule. Tuhesabu yaliyopona."